Bingwa wa Ramani Ndani ya Shimo la Mihogo

Leo sina pa kuficha uso. Nawaandikia nikiwa nimekaa nyuma ya jiko la wakwe zangu, huku kilimani juu ya kijiji cha Swima, nimevaa suruali ya baba mkwe. Ni fupi. Inaishia chini kidogo ya magoti, na kiunoni nimeifunga kwa kamba ya mbuzi. (Mbuzi mwenyewe sasa yuko huru, anakula bustani ya watu, na hilo nalo nitalaumiwa mimi.) Kabla hamjaanza maswali, tulieni. Nianze mwanzo.

Mnaonijua mnajua kazi yangu. Nina sekretaria ndogo pale mjini Baraka: kompyuta moja, mashine moja ya kopi, sola juu ya bati. Wateja huja asubuhi, halafu wanapotea mpaka jioni. Katikati hapo ndipo nilipopatia ugonjwa wangu. Binamu yangu aliniletea kwenye flashi mchezo wa kompyuta ambao sikuwahi kuuona. Hauna bunduki. Hauna mpira. Unapewa ramani na dira, unaachwa katikati ya msitu usioujua, na unakimbia kutafuta vibendera vya rangi ya machungwa na nyeupe vilivyofichwa huko ndani. Anayevifikia vyote upesi ndiye mshindi. Siku ya kwanza niliucheka. Baada ya wiki moja nilikuwa sili mchana.

Kilichonimaliza ni picha zake. Jamani, zile picha! Jua linapenya kwenye matawi na kivuli kinatembea chini kadiri unavyotembea. Ukikanyaga tope, linarukia kiatu. Ukipanda kilima, unasikia mtu anahema, na nusu ya muda ni wewe mwenyewe unayehema kwenye kiti. Nikajifunza ramani yao: njano ni mahali pa wazi, nyeupe ni msitu unaopitika, kijani ni kichaka cha kukuchuna ngozi, buluu ni maji. Na kwa kutazama picha nikagundua siri moja niliyoiona ni ya thamani kuliko zote. Ardhi inayong'aa ina maji, izunguke. Ardhi yenye majani makavu ni ngumu, kanyaga bila hofu. Kwa siri hiyo nimeshinda mara nyingi kiasi kwamba nilianza kujiita bingwa. (Peke yangu. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo.)

Mama Sifa, anayeuza mandazi mbele ya mlango wangu, alikuwa akija kuchungulia.

"Hii pori ni ya nani?" aliniuliza siku moja.

"Ni ya muchezo, Mama Sifa. Lakini angalia vizuri. Iko kama ya kweli kabisa!"

Akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. "Ya kweli? Mbona haina batu? Bamama ba kuni bako wapi? Njia ya kwenda kuchota mayi iko wapi?"

"Haina batu. Ni pori tu."

"Aka! Basi si ya kweli," akasema, akarudi kwenye karai lake. Nilimwona hajui kitu. Nilirudi msituni kwangu nikapata vibendera vyote.

Sasa tuje leo. Leo ilikuwa siku yangu ya kujitambulisha nyumbani kwa Riziki. Riziki ni fundi wa kushona, na kama kuna jambo moja ninalolitaka hapa duniani, ni kumwoa Riziki. Baba yake ni mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache na miwani minene. Amekuwa akituzungusha muda mrefu, leo hapana, kesho hapana, mpaka mwezi huu alipokubali. Akamtuma Riziki na neno lake: "Nitamuona mara moja. Nikimukataa siku ile, nimemukataa." Hakuna siku ya pili. Nililala vibaya wiki nzima.

Na kwetu ukweni kuna heshima zake. Kubwa kuliko zote ni ya mama mkwe. Hamshikani mikono. Hamtazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaacha njia mpaka mwenzake apite. Riziki alinipigia jana kunikumbusha.

"Asukulu, fanya makosa yote, lakini usikutane na mama. Yeye mwenyewe anasema kesho hatapita ku njia, juu asikuone."

"Usiogope," nikamwambia. "Mi nitapita ku njia, yeye apite kwengine. Tutakutana namna gani?"

Asubuhi tukatoka Baraka kwa pikipiki, sisi watatu: mimi, baba mdogo Alimasi ambaye ndiye msemaji wetu, na shangazi Faida. Pale Swima tukashuka, tukajipangusa vumbi kwenye kibanda cha soda, tukaanza kupanda. Njia ya kwenda kwa Mwalimu inazunguka kilima chote taratibu, haina haraka na mtu. Tulikuwa tumeshapanda kiasi cha kutokwa jasho shangazi aliposimama ghafla.

"Na kikwembe ya mama iko wapi?"

Nikajipapasa kifuani, utadhani kitenge kizima kinaweza kujificha kwenye mfuko wa shati. Kilibaki kibandani, juu ya kreti ya soda. Zawadi ya mama mkwe! Baba mdogo akanyoosha kidole kule tulikotoka.

"Rudia kuichukua," akasema. "Siye tutaenda polepole. Lakini usikie vizuri. Mukwe haingiake nyuma ya bazee. Tukifika tutasimama ku mulango tukungoje. Kidogo tu. Bakituona tumesimama bila weye, batasema tumeleta harusi haina bwana."

Nikashuka mbio. Kitenge nilikikuta, ingawa muuza soda alikuwa amekikalia. Nikakipangusa, nikatazama juu. Njia ilikuwa pale pale, inazunguka kilima kwa raha zake. Baba mdogo na shangazi hawaonekani tena. Nikitembea, nitachelewa. Nikikimbia njia ile yote, nitafika nimekufa. Ndipo nikatoa simu.

Nilikuwa nimehifadhi picha ya eneo lile iliyopigwa kutoka angani. (Bingwa hasafiri bila ramani.) Nikaona bati la buluu la Mwalimu. Nikaona kati yangu na bati hilo kuna shamba, kisha miti, kisha kibonde kidogo, basi. Mstari ulionyooka! Hii nimeifanya mara ngapi? Nikafungua dira kwenye simu, nikajifunga kitenge mabegani, nikaingia porini.

Shamba. Njano, nikasema kimoyomoyo, kimbia. Mzee mmoja akainuka katikati ya mihogo yake na jembe mkononi.

"We! Unafukuzwa na nani?"

"Hakuna mutu, muzee! Niko nakata njia!"

"Njia iko kule!"

"Najua!"

(Na kweli nilijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.)

Miti. Nyeupe, inapitika. Mikaratusi imesimama mbalimbali, jua linapenya, kivuli kinatembea na mimi. Nawaambia kweli, ilikuwa sawasawa na kwenye kompyuta. Nilisikia nahema na nikafurahi kusikia nahema. Nikaruka mfereji. Nikakwepa gogo. Nadhani nilitamka kwa sauti, "Kibendera cha tatu!" Ndege wakaruka. Nikafika ukingoni mwa kibonde, na ng'ambo ya pili, juu, nikaliona bati la buluu. Nimeshinda!

Chini yangu kulikuwa na kijito, na kando yake mahali tambarare pamefunikwa majani makavu ya migomba. Juu ya majani kulikuwa na mawe yamepangwa. Mtu mwenye akili zake angejiuliza: nani amepanga mawe haya, na kwa nini? Mimi, mtoto wa Fizi, niliyekula ugali wa muhogo tangu nimeota meno, nilijiuliza swali moja tu. Panang'aa? Hapang'ai. Basi ni pagumu!

Nikaruka. Na sikuruka kwa adabu. Niliruka kwa mbio, mikono hewani, kitenge kinapepea nyuma.

Majani yalinipokea kidogo, kisha yakaniachia. Nilienda chini mpaka kifuani. Miguu ikatua juu ya kitu laini, kitu kikasagika, nikazidi kushuka. Hapo ndipo akili ilinirudia yote mara moja. Shimo la mihogo! Akina mama wanaloweka mihogo humo siku kadhaa mpaka ilainike, wanaifunika majani, wanakandamiza kwa mawe. Mimi mwenyewe nimetumwa kupanga mawe hayo nilipokuwa mdogo. Na mnaijua harufu ya muhogo uliokwisha kulainika ndani ya maji. Sasa iwekeni kwenye nywele zenu na ndani ya masikio. Ule mchezo una upepo, una ukungu, una kivuli cha ndege anayepita. Hauna harufu!

Kitu kimoja tu nilikifanya vizuri. Kitenge nilikinyakua mabegani kabla sijazama, nikakirushia ukingoni, hakikupata tone.

Hatua chache juu ya kijito kulikuwa na wanawake wawili wanaosha mihogo. Mmoja kijana, mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa. Mwingine mtu mzima, mikono kiunoni.

"Eh, Mungu wangu! Ni mutu ao ni kiboko?" akauliza yule mjamzito.

"Ni mutu, mama! Munisaidie, nazama!"

(Sikuwa nazama. Lakini kila nikijisukuma juu, mihogo inasagika na kunirudisha.)

"Acha kuruka-ruka, unatumalizia mihogo!" akasema yule mtu mzima. "Unatoka wapi, baba?"

"Baraka, mama."

"Na unaenda kwa nani na hiyo mbio?"

Nikajikusanya. Nilikuwa nimebakiwa na jambo moja tu la kujivunia, nikalisema kwa sauti ya heshima: "Niko naenda ku bukwe. Kwa Mwalimu, baba ya Riziki. Bananingoja."

Yule mtu mzima aligeuka ghafla akanipa mgongo. Akavuta kitenge chake, akajifunika uso. Mjamzito alinitazama, akamtazama mwenzake, akanitazama tena, kisha akakaa chini palepale ndani ya kijito, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Mama Riziki! Mukwe wako njo huyu! Umekimbia njia juu usimuone, yeye amekufuata mpaka mu mihogo!"

Ndugu zangu, nilitamani shimo liwe refu zaidi.

Sasa nitatolewaje? Mama Neema (ndilo jina la yule mjamzito, ni jirani yao) hawezi kuvuta mtu mzima katika hali ile. Wanaume wote wako nyumbani wamekaa kutungoja. Amebaki mtu mmoja tu mwenye nguvu, na mtu huyo hapaswi hata kunitazama. Mama mkwe akafikiri, mgongo kwangu. Kisha akachukua jembe, akaja kinyumenyume, hatua kwa hatua, uso kwenye kilima, akaunyoosha mpini nyuma yake.

"Mama Neema, umuambie mugeni ashike mupini."

"Mugeni, Mama Riziki anasema ushike mupini."

"Nimesikia."

"Mama Riziki, amesikia."

"Umuambie asivute kwa nguvu. Mi njo nitavuta."

"Mugeni, anasema..."

"Nimesikia, mama!"

Akavuta. Nikapanda. Nikatoka mpaka kiunoni, nikaona wokovu unakaribia. Lakini mpini ulikuwa na utelezi wa mihogo, mikono yangu nayo vilevile. Ukaniponyoka. Nikarudi chini, safari hii mpaka puani. (Ndiyo, nilikunywa. Tusiongee juu ya hilo.) Mihogo mingine ikasagika kwa sauti ambayo hata yeye, mgongo wake kwangu, aliisikia. Hapo uvumilivu wa mama mkwe ukaisha.

"Huyu atanimalizia mihogo yote!"

Akatupa jembe. Akageuka. Akaingia mpaka magotini, akanishika mkanda wa suruali kwa mikono miwili, akaning'oa. Ndugu, yule mama ana nguvu! Nilitoka. Mkanda ukakatika. Suruali haikutoka. Ilibaki kule chini na mihogo, na mimi nikasimama ukingoni mbele ya mama mkwe wangu na shati na chupi, kitenge kiko miguuni pangu.

Nikafanya nini? Nikajifunga kitenge. Zawadi ya mama mkwe, mbele ya mama mkwe.

"Mama Neema," akasema, akijifunika uso tena kana kwamba bado inasaidia, "umuambie apite ile njia ya kushoto. Na apite kwa kutembea."

Nikafika. Baba mdogo na shangazi walikuwa wamesimama mlangoni, wanatazama njia. Wazee wa upande ule wamekaa uwanjani, Mwalimu katikati na miwani yake. Wote wanatazama njia. Mimi nikatokea nyuma ya jiko, nimefunga kitenge cha maua, maganda ya muhogo kwenye nywele, mbuzi wawili wananifuata wakinilamba miguu. Harufu ilinitangulia, maana niliona pua zinageuka kabla ya vichwa.

"Asukulu?" akasema baba mdogo, kwa sauti ya mtu anayeomba jibu liwe hapana.

"Ndiyo, baba."

"Umepita wapi?"

"Nilikata njia."

Kisha nikamwona Riziki mlangoni mwa jiko. Macho yamejaa machozi, mkono mdomoni. Hapo sikuona tena cha kuchekesha. Niliogopa, nawaambia kweli. Siku moja tu tulipewa, na mimi nilikuwa nimeivunja kwa miguu yangu.

Mwalimu akaniambia nieleze. Nikaeleza yote. Sikuficha. Kompyuta, ramani, rangi, majani makavu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ile picha ya ordinatere ilikufundisha kama majani makavu ni udongo mugumu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na weye mutoto wa huku, ukaiamini."

"Ilikuwa inafanana sana, Mwalimu."

Kaka yake Mwalimu, mzee mkali aliyekaa kulia kwake, akapiga fimbo chini. "Hii ni haya kubwa! Mukwe ameshikwa na mama mukwe, tena mu mukaba ya suruali! Desturi inajulikana. Atoe kuku nyeupe ya kufuta haya. Alafu aende kwabo!"

Wazee wakaguna kukubali. Riziki akageuza uso. Nikajua basi, imekwisha.

Ndipo baba mdogo Alimasi akakohoa. Baba mdogo ameuza samaki pale Baraka miaka yote ya maisha yake, na sijawahi kuona mtu akimshinda kwa maneno. Akaongea kwa upole kabisa.

"Bazee, tumekosa. Tunapiga magoti. Kuku tutaleta, nyeupe, munene. Lakini munisaidie mi ni mujinga. Mupita-njia akianguka mu shimo, mama akimutosha inje, munamuombaka kuku?"

"Hapana," akasema yule mzee mkali. "Mupita-njia ni mupita-njia. Utamuomba kuku ya nini?"

"Na mugeni?"

"Mugeni pia hapana."

"Basi hii kuku inaombwaka kwa nani?"

"Kwa mukwe! Kwa mukwe peke!"

"Asante sana," akasema baba mdogo, akainama. "Bote mumesikia. Munatuomba kuku ya mukwe. Tutaileta kwa furaha."

Mzee mkali akaishusha fimbo yake. Akamtazama Mwalimu. Mwalimu akavua miwani, akaanza kuifuta polepole, na hakuna aliyejua atasema nini. Na kabla hajasema, sauti ikatoka nyuma ya jiko, ya mtu asiyeonekana.

"Mama Neema, umuambie baba ya Riziki kama ule mutu mi nishamutosha mu mayi. Simurudishe tena."

Mwalimu alicheka. Alianza kwa mabega, kisha miwani ikamponyoka, kisha wazee wote. Riziki akacheka na machozi yake yakashuka hapohapo, na mimi nikalia kidogo. (Ni maji ya mihogo yaliingia machoni. Andikeni hivyo.) Mwalimu akainuka, akaingia ndani, akaniletea suruali yake.

Kwa hiyo tumekubaliwa. Jumapili tunarudi na kuku, tunapita njia ya kila mtu, Riziki mbele na simu yangu mkononi mwake. Mama mkwe, kwa mdomo wa Mama Neema, amesema hautatupwa muhogo hata mmoja: ataianika, ataisaga, na unga wake ndio wa ugali wa harusi. Basi mnaocheka, chekeni leo mmalize, maana wote mmealikwa na wote mtakula.